Kabla ya kugusa mizani: ninavyosoma chupa ya kemikali na karatasi zake

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, mwalimu mmoja wa kemia aliyeajiriwa juzi juzi alinitumia picha ya chupa mbili zimesimama juu ya meza ya maabara. Chini yake ameandika: "Shikamoo dada. Hizi si ni kitu kimoja? Kesho nina praktiko ya kidato cha nne na ile ya kwanza haitoshi." Zote mbili zimeandikwa "Sodium Carbonate" kwa herufi kubwa. Ya kwanza ina unga mweupe. Ya pili ina mabonge yanayong'aa kama chumvi ya mawe, na huko juu karibu na mfuniko mabonge yamejifunika unga kama vumbi la chaki.

Nikamjibu: "Marahaba. Si kitu kimoja. Usipime chochote, nipigie."

Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupima. Nilikuwa na mwaka wa pili tu kama fundi sanifu wa maabara ya shule, na ilikuwa wiki ya mtihani wa mock. Nikachukua chupa iliyokuwa mbele ya rafu, nikapima gramu 5.3 kwa kila lita kama nilivyozoea, nikajaza ndoo, nikalala usingizi mtamu. Asubuhi watoto wakaanza titresheni, yaani kudondosha asidi kutoka kwenye bureti hadi rangi igeuke, kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.1M (M ni moli kwa lita). Kwa pipeti ya mililita 25, bureti ilitakiwa kusoma karibu 25. Binti wa meza ya mbele akanyoosha mkono: "Madam, yangu imegeuka kwenye tisa." Nikamwambia arudie, hakuwa makini. Akarudia: 9.3. Jirani yake 9.2. Meza ya nyuma kabisa, ambako kwa kawaida hakuna majibu mawili yanayofanana, siku hiyo walikubaliana wote: 9.3.

Nikarudi stoo nikaisoma chupa upya, safari hii lebo nzima. Chini ya jina, kwa maandishi madogo: "decahydrate". Yaani kila chembe ya sodiamu kaboneti imeshikana na molekuli 10 za maji. Karibu asilimia 63 ya uzito wa chupa ile ni maji. Nilikuwa nimewapa watoto mmumunyo wa 0.0185M nikaubandika karatasi inayosema 0.05M. Kupata 0.05M kutoka kwenye chupa ile ningepaswa kupima gramu 14.3.

Yanayofuata hapa ni yale niliyomweleza mwalimu kwa simu, pamoja na mengine ambayo salio lake halikutosha kusikiliza.

Mstari wa pili wa lebo

Watu wengi husoma jina na kuishia hapo. Jina ndilo sehemu ya lebo isiyoaminika sana. Kitu hicho hicho chupa moja itakiita "caustic soda", nyingine "sodium hydroxide". Kwa upande mwingine, "sulphate", "sulphite", "sulphide" na "thiosulphate" zinafuatana kwenye rafu kama ndugu wa tumbo moja, na usiku umeme ukiwa umekatika utachukua yoyote. Nimeshuhudia fundi mwenzangu akichukua salfaiti badala ya thayosalfeti kwa ajili ya lile jaribio la msalaba chini ya bika, ambalo mmumunyo hutakiwa kuwa na ukungu hadi msalaba upotee. Watoto walikaa dakika 20 wakiutazama msalaba, msalaba nao ukiwatazama wao.

Kwa hiyo teremka chini ya jina. Utakuta vitu vitatu: fomula, uzito wa moli (gramu za moli moja), na namba ya CAS.

Kwenye fomula, tafuta nukta. "Na2CO3" ikiishia hapo ni kavu. Ukiona nukta ikifuatwa na namba na H2O, kuna maji ya fuwele ndani, na namba ile ndiyo idadi yake. Chupa isiyo na maji huandikwa "anhydrous". "Monohydrate" ni moja, "dihydrate" ni mawili, "pentahydrate" ni matano, "decahydrate" ni kumi. Haya ni maneno ya kukariri kama unavyokariri namba ya simu ya nyumbani.

Uzito wa moli ndio rafiki yangu mkubwa kwenye lebo nzima, kwa sababu ni namba na namba haibembelezi. Hutanguliwa na "M.W." au "F.W.". Kaboneti kavu ni 105.99, yenye maji kumi ni 286.14. Thayosalfeti kavu ni 158.11, yenye maji matano ni 248.18. Asidi ya oksaliki kavu ni 90.03, yenye maji mawili ni 126.07. Hesabu yako ya gramu ianze na namba iliyo kwenye chupa uliyoishika, si iliyo kwenye daftari la mwaka jana wala ya kitabu. Kitabu hakikuja na chupa yako.

Namba ya CAS ni kama namba ya kitambulisho cha taifa kwa kemikali: majina yabadilike vipi, namba inabaki. Ina mafungu matatu yaliyotengwa kwa vistari. Kaboneti kavu ni 497-19-8, yenye maji kumi ni 6132-02-1. Tarakimu ya mwisho ni ya kujikagua, na ukiwa na kalamu unaweza kuikagua mwenyewe. Chukua 497-19, iache ile 8. Anzia kulia kwenda kushoto: 9 mara 1, 1 mara 2, 7 mara 3, 9 mara 4, 4 mara 5. Unapata 9, 2, 21, 36 na 20. Jumla 88, na tarakimu ya mwisho ya 88 ni 8. Imekubali. Isipokubali, aliyechapa lebo alikosea, au lebo yenyewe imetengenezwa na mtu asiyejua anachokiandika. Niliwahi kukuta chupa ya namna hiyo kwenye mzigo wa duka moja mjini. Sikuhitaji ushahidi mwingine kuirudisha.

Angalizo dogo: wapo watengenezaji wanaoweka namba ya CAS ya kitu kikavu kwenye chupa yenye maji ya fuwele. Ndiyo maana nasoma vitatu kwa pamoja. Fomula, uzito wa moli na CAS zikigombana, uzito wa moli ndio ninaouanzia kuuliza maswali.

Na kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja: hapana, magadi ya sokoni hayawezi kukaa mahali pa kaboneti. Magadi ya maziwa kama Natron na Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti, baikaboneti, maji na chumvi nyingine. Yanalainisha maharage vizuri sana. Yaachwe huko.

Asidi: soma asilimia, kisha soma uzito wa ujazo

Kwenye asidi kali mtego si maji ya fuwele, ni asilimia. Stoo yangu wakati fulani ilikuwa na chupa tatu za asidi ya haidrokloriki kutoka kwa wauzaji watatu: moja 37%, moja 35%, moja 32%. Zote zinatoa moshi ukizifungua, zote zina mfuniko mwekundu. Fundi aliyenitangulia alikuwa amebandika ukutani karatasi: "HCl 0.1M = 8.3 ml kwa lita". Karatasi ile ilikuwa sahihi kwa chupa moja tu kati ya tatu.

Asilimia hiyo ni ya uzito kwa uzito: katika gramu 100 za asidi, gramu 37 ni HCl yenyewe. Wewe unapima kwa mililita, kwa hiyo unahitaji uzito wa ujazo, ambao huandikwa "density" au "sp. gr.", au gramu kwa mililita kama 1.18. Hesabu ni hii: 1.18 mara 1000, mara 0.37, gawa kwa 36.46. Jibu ni karibu 12M. Mililita 8.3 za hiyo zinatosha lita moja ya 0.1M. Sasa chukua chupa ya 32%, yenye uzito wa ujazo wa 1.16: unapata karibu 10.2M, na unahitaji mililita 9.8. Ukiifuata ile karatasi ya ukutani, 0.1M yako ni 0.085M, na utawalaumu watoto.

Karatasi niliitoa. Mahali pake niliweka ile hesabu.

AR, LR na herufi nyingine

Ubavuni mwa chupa, au kwenye kona ya juu, kuna herufi mbili tatu: AR, GR, LR, GPR, ACS, HPLC. Hizi ni gredi za usafi, na bei hupanda na kushuka nazo. Muuzaji atakwambia AR ("analytical reagent") ni "orijino" na LR ("laboratory reagent") ni "ya kawaida". Si uongo, ila si jibu.

Cha kujua ni kwamba herufi hizi hazina baba mmoja. ACS ina kiwango kilichoandikwa na Chama cha Kemia cha Marekani, na BP na USP zinafuata vitabu vya viwango vya dawa vya Uingereza na Marekani. Lakini AR na LR kila mtengenezaji ana mipaka yake. AR ya mmoja inaweza kulingana na LR ya mwingine. Kwa hiyo herufi zinakuonyesha njia tu. Kinachokupa jibu ni jedwali dogo chini yake lenye kichwa kama "maximum limits of impurities", yaani uchafu wa juu kabisa unaoruhusiwa.

Jedwali lile nililidharau miaka mingi. Lilinifunza adabu nilipokuwa kwenye maabara ya maji kabla sijarudi shule. Tulikuwa tunapima madini ya chuma kwenye maji ya visima kwa njia ya fenanthrolini, na kila kisima kilitoka na chuma, karibu 0.2 mg kwa lita au zaidi. Visima vya mlimani, visima vya bondeni, vyote. Tukaanza kutunga nadharia za miamba. Siku moja bosi akasema tupime sampuli tupu upya, yaani maji yaliyokenekwa peke yake pamoja na kemikali zote. Hata maji yetu yaliyokenekwa yalikuwa na chuma.

Tulikuwa tumeishiwa asidi ya AR, tukaendelea na chupa nyingine bila kusoma jedwali. Lilisema "Iron (Fe) 0.0005% max". Inaonekana si kitu. Lakini 0.0005% ni sehemu 5 kwa milioni, yaani maikrogramu 5 katika kila gramu ya asidi. Njia ile inataka mililita 2 za asidi kali kwa mililita 50 za sampuli. Mililita 2 ni gramu 2.36, zinabeba hadi maikrogramu 11.8 za chuma, na hizo zikigawanywa kwenye mililita 50 ni karibu 0.24 mg kwa lita. Kiasi ambacho maji huanza kuacha madoa kwenye nguo na vyombo ni karibu 0.3. Tulikuwa tunapima asidi yetu wenyewe na kuiandikia ripoti ya kisima.

Kanuni ya kubadilisha: ukitaka kutoka asilimia kwenda sehemu kwa milioni, zidisha kwa 10,000. Ifanye kwa kila mstari wa jedwali unaohusu kitu unachokitafuta. Mistari mingine iruke. Kama unapima kloraidi, cha kukunyima usingizi ni mstari wa kloraidi. Salfeti itakusumbua siku nyingine.

Kwa shule, msimamo wangu ni huu, na wapo watakaonipinga: majaribio ya kutambua chumvi, LR inatosha kabisa. Kaboneti au asidi ya oksaliki ya kutengenezea mmumunyo wa titresheni, nunua AR hata chupa ndogo. Sodiamu haidroksaidi usipoteze hela kwenye gredi ya juu, kwa sababu ukishaifungua inaanza kunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, na lazima uipime nguvu yake kwa asidi unayoijua hata kama ilikuwa safi namna gani kiwandani.

Alama za pembe nyekundu

Alama zenye mpaka mwekundu, zilizosimama kwa pembe kama kishada, ziko 9, na ni za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Fuvu na mifupa kila mtu anaijua. Asidi inayodondoka kwenye mkono na kwenye chuma, hiyo pia haihitaji mwalimu. Nitasimama kwenye mbili zinazochanganywa: mwali wa moto peke yake, na mwali wa moto juu ya duara. Wa kwanza maana yake kitu hiki kinaungua. Wa pili maana yake kitu hiki kinalisha moto wa wengine.

Stoo nyingi za shule zimepangwa kwa alfabeti, maana ndivyo orodha ya vifaa ilivyo. Nenda kaangalie herufi P kwenye yako. Mara nyingi "potassium permanganate" inakaa bega kwa bega na "propanol". Wa duara na wa mwali, wamepangishwa chumba kimoja na alfabeti. Panga kwanza kwa alama, alfabeti ije ndani ya kila kundi.

Karibu na alama kuna neno moja: "Danger" au "Warning". La kwanza ndilo zito. Kisha mistari yenye H na namba: H200 na kuendelea ni hatari za moto na milipuko, H300 ni za mwili wa binadamu, H400 ni za mazingira. H314 ni kuunguza ngozi na macho vibaya. H350 ni saratani. Zenye P ni maelekezo ya kujikinga.

Na hapa kuna mkanganyiko mmoja wa kijinga ambao umewahi kunifanya nibishane na mkaguzi. Chupa za Marekani wakati mwingine zina almasi yenye rangi nne: buluu, nyekundu, njano na nyeupe, na namba 0 hadi 4 ndani ya zile tatu za kwanza. Humo, 4 ndiyo mbaya kuliko zote. Lakini kwenye mfumo wa pembe nyekundu, hatari zimepangwa kwa makundi, na kundi la 1 ndilo baya kuliko yote. Namba zinakwenda kinyume. Ukiona namba peke yake bila kujua ni ya mfumo upi, usiitafsiri.

Ukikuta miraba ya rangi ya chungwa yenye picha nyeusi, na herufi kama Xn au Xi, huo ni mfumo wa zamani wa Ulaya uliokwisha kuachwa. Chupa hiyo imekaa kwako miaka mingi. Itazame kwa jicho hilo.

Cheti cha uchambuzi

Huyu ndiye mgeni ambaye shule nyingi hazijawahi kumkaribisha. Chupa inasema mtengenezaji ameahidi nini. Cheti cha uchambuzi kinasema bechi hii hasa ilipopimwa ilitoa nini. Kifupi chake ni CoA, na una haki ya kukidai unaponunua. Watengenezaji wengi wakubwa wanakiweka mtandaoni. Unaingiza namba ya bidhaa na namba ya bechi, kinashuka.

Kitu cha kwanza, kabla ya kusoma usafi wowote: weka chupa kulia, cheti kushoto, linganisha namba ya bechi, tarakimu kwa tarakimu. Huandikwa "Lot" au "Batch". Nilipokuwa maabara ya maji, msambazaji mmoja alituletea kemikali ya EDTA na cheti kizuri chenye muhuri. Bechi ya chupa na bechi ya cheti zilitofautiana tarakimu mbili. Akasema, "Dada, ni kampuni ile ile, mzigo ule ule." Nikaendelea kusoma. Tarehe ya uchambuzi kwenye cheti ilikuwa Machi. Tarehe ya kutengenezwa kwenye chupa ilikuwa Juni ya mwaka huo huo. Nikamuuliza walimpima mtoto kabla hajazaliwa? Alicheka, akapakia mzigo wake kwenye bajaji.

Bechi ikikubali, ndipo unaingia kwenye jedwali. Lina safu tatu: kilichopimwa, mpaka, na matokeo. Watu husoma mpaka wakidhani ni matokeo. Chukua kaboneti kavu ya AR. Mstari wa "Assay" mpaka wake unaweza kuwa "min 99.5%", na matokeo "99.8%". Ya kutumia kwenye hesabu yako, kama unahitaji ukali huo, ni 99.8. Mstari wa uchafu ukisema "<0.0005%" maana yake walipima wakakuta chini ya hapo, hawajasema ni sifuri.

"Assay" ikitoka 100.2% usishtuke wala usicheke. Ni kipimo, na kila kipimo kina kuyumba kwake. Lakini soma maneno madogo pembeni: "on dried basis". Hayo yana maana walikausha kwanza ndipo wakapima. Wewe unapima kutoka kwenye chupa bila kukausha, kwa hiyo mstari wa "loss on drying" unakuhusu. Ukisema 1.0%, kila gramu 100 unazopima zina gramu moja ya unyevu ambayo haikuhesabiwa kwenye usafi.

Mwisho angalia kama karatasi inasema "Certificate of Analysis" au "Specification" au "Typical analysis". Hizo mbili za mwisho hazizungumzii bechi yako. "Typical" ni kama mtu akueleze tabia za ukoo mzima badala ya tabia za mchumba wako.

MSDS ni karatasi nyingine

Muuzaji ukimwomba cheti, mara nyingi anakutumia MSDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama, nawe unaridhika kwa kuwa ina kurasa nyingi. Siku hizi inaitwa SDS. Ina sehemu 16, zimepangwa kwa mpangilio ule ule kila mahali, na hakuna hata moja inayothibitisha ubora wa bechi. Sehemu ya 3 itataja viambato, na kwa kemikali safi mara nyingi itaandika tu "≤100%". Hilo si jibu la usafi.

Kazi yake ni usalama, na hapo haina mpinzani. Mimi sizisomi zote 16. Kabla ya kufungua chupa nisiyoizoea nasoma ya 2, hatari. Ya 4, huduma ya kwanza. Ya 8, vya kuvaa. Na ya 10, vitu visivyopaswa kukutana nayo. Ya 7 naisoma siku ya kuipanga stoo, ya 13 siku ya kuitupa. Ya 4 naichapa na kuibandika ndani ya mlango wa stoo kwa kemikali zile tano sita zinazotisha, kwa sababu asidi ikimrukia mtoto machoni hakuna atakayesubiri mtandao urudi.

Kuhusu kununua: muuzaji wa kemikali Tanzania anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Omba kuona cheti cha usajili. Wa kweli hachukii kuulizwa.

Tarehe, na macho yako

"Mfg" ni kutengenezwa, "Exp" ni kuisha, na "Retest" ni tarehe ya kupima tena, ambayo haina maana kwamba kitu kimeharibika. Chumvi kavu kama sodiamu kloraidi, ikiwa imefungwa vizuri, sitaitupa kwa ajili ya tarehe. Ferasi salfeti ("ferrous sulphate") naweza kuitupa kabla ya tarehe. Inatakiwa iwe kijani cha maji ya bahari. Ikishakuwa na kutu ya kahawia, hewa imeingia, na lebo haijui hilo. Hata yale mabonge ya kaboneti yaliyojifunika unga yanasema kitu ambacho lebo haijui: maji yao yanaondoka, kwa hiyo si kumi tena, na 286.14 nayo imekuwa ya uongo.

Ndiyo maana kila chupa inayofunguliwa kwangu inaandikwa tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na herufi za jina la aliyeifungua. Na ile unayoijaza mwenyewe inaandikwa jina kamili, nguvu, tarehe, aliyetengeneza, na alama ya hatari. Hakuna chupa ya soda wala ya maji ya kunywa itakayoingia maabara yangu ikiwa na kitu kingine. Wahudumu wa usafi nao hupata kiu.

Turudi kwa mwalimu. Unga wake ulibaki gramu 18, wanafunzi 36, alitaka kumpa kila mmoja mililita 100, yaani lita 3.6, na hizo zinataka gramu 19 na kitu. Nikamuuliza kama kuna sheria inayosema 100. Akanyamaza kidogo. Nikamwambia atengeneze lita 3.3 kwa gramu 17.5, ampe kila mmoja 90, zinatosha kusuuza pipeti na kurudia mara tatu, na awaonye wasimwage.

Kesho yake saa tano akanitumia picha ya bureti: 24.9. Chini yake: "Asante dada. Sasa ile chupa nyingine niifanyeje?"

Nikamwandikia: "Bandika karatasi: ina maji ya fuwele, yameanza kupungua, ni ya majaribio ya kutambua tu. Halafu isogeze nyuma ya rafu, isikae mbele."

Akajibu, "Ilikuwa mbele."